Sura ya 5: Jinja Kabla ya Nairobi

Mzazi wa Funyula akitangaza kwamba likizo ya Aprili atawapeleka watoto mjini, jirani hamwulizi mji gani. Ni Nairobi. Kuna shangazi huko, pa kulala papo, na mtoto akirudi shuleni ana la kuwasimulia wenzake. Sina ugomvi na Nairobi. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Basi la usiku huondoka jioni na kuingia alfajiri, na mtoto wa miaka minane hushuka akiwa na shingo iliyokakamaa na macho mekundu. Siku yake ya kwanza ya matembezi huishia kwenye kochi la shangazi. Siku ya kurudi ni hiyo hiyo kinyumenyume. Ukiwa na siku nne, umebaki na mbili, na moja kati ya hizo utaitumia kuwasalimia jamaa ambao wangekasirika wakisikia ulifika na hukuwaona.

Fungua ramani uangalie tulipo. Funyula iko Samia, kusini mwa Kaunti ya Busia. Sio Port ipo karibu, ziwa linaonekana ukipanda vilima vya Samia, na Uganda iko ng'ambo ya mto Sio. Kutoka mji wa Busia hadi Jinja ni kama kilomita 120. Hadi Kisumu ni karibu umbali huo huo. Kampala ni kama kilomita 200, ambayo bado ni nusu ya Nairobi. Kwa hiyo sisi tuna miji mitatu mikubwa karibu kuliko mji mkuu wetu wenyewe, na miwili kati ya hiyo iko nchi nyingine. Mzazi wa Machakos hana bahati hiyo. Ajabu ni kwamba tunaitumia kwa biashara na mazishi tu.

Kanuni ninayowapa wazazi ni moja: safari ya siku tatu isile zaidi ya saa nne ndani ya gari kwenda, na saa nne kurudi. Zaidi ya hapo mnasafiri, hamtembei. Ukiipima miji kwa kanuni hiyo, Jinja na Kisumu zinapita, Kampala inapita siku ambayo barabara imetulia, na Nairobi inasubiri likizo ndefu.

Sasa tarehe. Likizo ya Aprili huwa wiki tatu hivi. Mwaka 2025, kwa mfano, shule zilifunga tarehe 4 Aprili na kufungua tarehe 28. Ziko wiki tatu kwenye kalenda, lakini za kusafiri ni chache. Siku za kwanza wanafunzi wa bweni wako barabarani na masanduku na magodoro yao, na nauli imepanda. Pasaka ikiangukia ndani ya likizo, kama mwaka huo ilipokuwa tarehe 20, basi kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu usijaribu kupata gari na watoto. Wiki ya mwisho ni ya sare, madaftari na karo. Shule nyingi za sekondari za bweni hutoza karo kwa mgawo wa asilimia 50, 30 na 20, na muhula wa pili ndio wenye ile 30. Usiiguse kwa sababu ya matembezi. Halafu kuna shamba: mahindi yaliyopandwa Machi yanataka palizi Aprili, na nyanya yao ameshawahesabu wajukuu kama mikono. Ongea naye mapema. Ukimwambia Februari kwamba watoto wataondoka Jumanne na kurudi Alhamisi, atapanga palizi yake. Ukimwambia Jumatatu jioni, utasikia habari zako kwa majirani.

Jumanne hadi Alhamisi katikati ya likizo ndiyo nafasi bora. Na kwa anayevuka mpaka kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: Uganda hawafungi shule wakati wetu. Muhula wao wa kwanza huanza Februari na kuendelea hadi karibu Mei. Watoto wetu wakiwa likizo, wa Jinja wako darasani. Mtakutana na basi moja au mawili ya ziara za shule, lakini familia ni chache, na mwenye nyumba ya wageni yuko tayari kuzungumza bei katikati ya wiki.

Mvua sitaipamba. Aprili ndiyo kilele cha masika kwetu. Mwaka 2024 serikali iliahirisha kufungua shule kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei kwa sababu ya mafuriko nchini. Barabara za vumbi za Samia hugeuka utelezi, na boda boda anayekupeleka barabarani kwa kawaida anaweza kukataa siku hiyo. Panga mambo ya nje yafanyike asubuhi, uweke siku moja ya akiba, na kila mtoto awe na koti la mvua, maana mwavuli husahaulika kwenye gari la kwanza.

Karatasi

Hapa ndipo safari nyingi za kwenda Uganda hufia, na kosa huwa ni la kuchelewa. Mtu mzima wa Kenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza utaratibu huo mwaka 2014. Mtoto hana kitambulisho. Anahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji, na kwa vyovyote vile awe na cheti halisi cha kuzaliwa. Karatasi ya kliniki haitoshi, na nakala iliyofifia ya cheti huleta maswali. Ukiwa na mtoto ambaye bado hana cheti, anzia hapo leo, hata kama hutasafiri mwaka huu.

Kama mzazi mmoja ndiye anayesafiri, beba barua ya mwenzako anayekubali watoto waondoke, iwe na sahihi, namba ya simu inayopatikana na nakala ya kitambulisho chake. Wengine huongeza barua ya chifu. Haidhuru. Anayesafiri na watoto wa ndugu au wa jirani ndiye hasa asithubutu kutoka bila barua ya wazazi wao, maana mpakani biashara ya watoto ni jambo linalojulikana na maofisa wana kila haki ya kushuku.

Kisha kadi ya njano. Uganda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wa kuanzia mwaka mmoja. Siku nyingine hamtaulizwa. Siku nyingine mtaulizwa wote, pamoja na mtoto anayesinzia mgongoni. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Fanya hesabu: anayekimbilia chanjo siku shule zilipofungwa amekwishapoteza karibu nusu ya likizo. Ndiyo maana kazi ya karatasi ni ya Februari na Machi. Ile likizo fupi ya katikati ya muhula wa kwanza inatosha kumpeleka mtoto kudungwa sindano.

Pitia Busia, usipitie Malaba, isipokuwa unakwenda Tororo. Malaba ndiyo njia kuu ya malori ya mizigo kutoka Mombasa, na foleni yake huweza kurudi nyuma kilomita kadhaa. Busia nako kuna malori, lakini mtu wa miguu anapita kwa urahisi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na mpango wake ni huu: anayekwenda Uganda hasimami upande wa Kenya. Anavuka moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, ambako ofisa wa Kenya anamtoa na ofisa wa Uganda, aliyeketi karibu naye, anamwingiza. Anayerudi anafanya hayo yote kwenye jengo la Kenya. Kabla ya hapo mtu alipanga foleni mara mbili. Waeleze watoto mpango huu mapema, maana ndiyo sehemu ya safari watakayoikumbuka, na wengi hudhani mpaka ni mstari mwekundu ardhini.

Watayarishe pia kwa maswali. Ofisa mzuri hamwulizi mzazi, humwinamia mtoto.

"Huyu mzee ni nani wako?"

"Ni baba."

"Na mama yuko wapi?"

"Amebaki Funyula, anapalilia."

Jibu la namna hiyo linafungua mlango kuliko barua tatu. Mtoto anayejificha nyuma ya suruali ya baba na kunyamaza humfanya ofisa aulize tena, kwa sauti nyingine. Kwa hiyo mfundishe mwanao aseme jina lake lote, jina la shule yake na mnakokwenda. Hilo ni jambo jema kulijua hata akipotea sokoni.

Najua kuna njia za panya. Kila mtu wa Busia anazijua, na Wasamia wamekuwa wakivuka mto Sio kwenda kwa ndugu zao wa Lumino na Majanji tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Anayekwenda kumsalimia binamu na kurudi jioni ana mazoea yake. Familia inayokwenda Jinja kulala siku mbili ni habari nyingine. Hamna mhuri, hamna rekodi kwamba mliingia, na siku mtoto akiugua au gari likisimamishwa na polisi njiani, mtaanza kujieleza mahali pabaya.

Ukienda na gari lako, mambo yanaongezeka: bima ya COMESA ile ya kadi ya njano (nyingine, si ya chanjo), hati halisi ya umiliki wa gari, na kibali cha muda cha forodha. Kwa safari ya kwanza mimi huwashauri watu waache gari nyumbani.

Pesa ziko rahisi kuliko zinavyotisha. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi 28 hivi za Uganda, kiwango kikipanda na kushuka. Wabadilishaji watakuzunguka kabla hujavuka. Nenda kwenye duka la fedha lenye leseni au benki, hesabu noti zako mbele ya dirisha, kisha uondoke. Mpe kila mtoto pesa zake, sema thamani ya shilingi 200 za Kenya, na umwambie hazitaongezwa. Atapokea zaidi ya 5,000 na kujiona tajiri kwa nusu saa, hadi aulize bei ya soda. Somo hilo mwalimu wa Hisabati hana namna ya kulifundisha ubaoni.

Jinja

Upande wa Uganda matatu ya abiria 14 huitwa teksi, na ile teksi yetu huko ni "special." Lijue hilo kabla hujakodi gari zima kwa bahati mbaya. Teksi hujaza ndipo iondoke, kwa hiyo muwe stendi asubuhi. Lipia kila mtoto kiti chake. Kupakata wawili hadi Jinja kwa ajili ya kuokoa nauli ni kujinunulia maumivu ya magoti.

Barabara yenyewe ina ya kuonyesha. Msitu wa Busitema huja mapema, na nyani hukaa ukingoni mwa lami wakisubiri maganda ya ndizi. Mtoto asiwape kitu. Kabla ya Bugiri kuna mabonde ya mpunga ya Kibimba, ambayo kwa mtoto aliyezoea kuona mchele ndani ya mfuko wa karatasi ni ajabu ya kutosha. Iganga ni mji wa kupita. Kisha mashamba ya miwa ya Kakira, yaliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani, ambaye alijenga kiwanda chake cha sukari hapo mwaka 1930. Watoto wa Busia wanaijua miwa, na swali watakalouliza, kwa nini kiwanda hiki bado kinafanya kazi wakati kile cha Mumias kilisimama, linatosha kuwapeleka hadi Jinja. Ulijibu unavyoweza.

Mkifika, siku hiyo msifanye kitu. Wekeni mizigo, kuleni, tembeeni Main Street polepole. Barabara hiyo ndiyo jumba la makumbusho la bure la Jinja. Maduka ya zamani yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na wengi wao waliandika jina na mwaka wa ujenzi juu ya paa, kwa herufi za saruji. Wape watoto mchezo: anayeuona mwaka wa kale zaidi ndiye anayechagua chakula cha jioni. Watatembea mtaa mzima wakiangalia juu, na hakuna atakayelalamika kuchoka. Mkubwa wao atauliza wenye majina hayo walienda wapi, na hapo ndipo unapomweleza juu ya 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Mdogo ataendelea kutafuta miaka.

Siku ya pili, asubuhi, ni mtoni. Bustani za chanzo cha Nile ziko ukingo wa mashariki, karibu na mji. Kuna kiingilio, na bei ya mgeni wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya mgeni wa mbali, kwa hiyo toa kitambulisho kabla ya kutoa pochi. Ndani kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye mto huu mwaka 1948. Sanamu ilizinduliwa na waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, mwaka 1997. Ng'ambo, ukingo wa magharibi, kuna mnara wa John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika hapa tarehe 28 Julai 1862 na kuwaandikia watu wake kwamba amepata chanzo cha Nile. Basoga waliokuwa wakivua hapo hawakuwa wameupoteza. Wao huuita mto huu Kiyira.

Speke aliona maporomoko, akayapa jina la Ripon, rais wa chama chake cha jiografia kule London. Ninyi hamtayaona. Yalizama Bwawa la Owen Falls lilipojengwa, lile ambalo Malkia Elizabeth II alilifungua mwaka 1954 na leo huitwa Nalubaale. Kinachobaki ni maji yanayokimbia kuliko ziwa, na mahali pachache panapochemka juu kana kwamba kuna kitu chini. Ndiyo maana ya kuchukua mashua. Pataneni bei mapema, muulize ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea lililofungwa mbele, hata kama mwenye mashua anacheka. Mwongozaji atazima injini mahali ziwa linapogeuka mto, na mtauhisi mkondo ukiivuta mashua yenyewe. Acha watoto wanyamaze hapo.

Kisha mpe kila mmoja jani, alitupe majini. Maji yanayopita hapa huchukua karibu miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania, na Nile nzima ni kilomita 6,650 hivi. Mtoto wa Gredi ya Tano anaweza kugawanya: ni kama kilomita 74 kwa siku, pungufu ya umbali wa Busia hadi Maseno. Jani litapita Sudan Kusini, Sudan na Misri. Shule zitakapofunga Agosti litakuwa limeshafika baharini. Kwa hakika litakwama kwenye bwawa la kwanza kabla ya chakula cha mchana, na mtoto mwerevu atakwambia hivyo. Mkubalie.

Maji hayo hayo yasiguse miguu yao. Kichocho kipo ukingoni mwa ziwa na mto, Jinja kama Sio Port, na mtoto aliyezoea kuingia ziwani nyumbani hataona sababu ya kukatazwa huku. Basi mkataze kote.

Alasiri, kama mvua imeruhusu, nendeni mkalione daraja jipya, lililofunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525 na limeninginia kwa nyaya kutoka minara miwili. Kabla yake malori yote ya kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo yalipita juu ya bwawa lile la 1954. Kuna askari. Uliza kabla ya kupiga picha ya daraja au ya bwawa, na wakikataa, weka simu mfukoni bila mjadala.

Chakula si tatizo. Rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, watoto wa Busia wanaijua, na ya Jinja huliwa moto kando ya barabara wakati unasubiri. Sangara na sato wapo. Matoke watoto wetu wengi huyala kwa adabu tu. Wanaolala kwenye nyumba za wageni waulize mambo mawili kabla ya bei: chandarua kipo, na kinafika chini? Malaria haichukui likizo, na mtoto wa Funyula ana kinga kidogo tu kwa mbu wa popote.

Kama karatasi hazikutimia

Ikifika katikati ya Machi na cheti cha mtoto mmoja hakijatoka, acha Jinja bila kujilaumu na mwende Kisumu. Msimwache huyo mmoja nyumbani. Nimewaona wazazi wakifanya hivyo, na kesi yake haiishi.

Kisumu ina fadhila yake ambayo Jinja haina: njiani mnavuka ikweta. Ipo Maseno, kando ya barabara, na kibao kinaonyesha. Funyula iko nusu ya kaskazini ya dunia na Kisumu nusu ya kusini, na kwa mtoto hilo ni kubwa kuliko mpaka wa nchi. Mwambie dereva mapema kwamba mnataka kushuka dakika tano. Wa matatu atakataa, na ana haki. Ndiyo maana familia mbili zikishirikiana kukodi gari dogo huja kuwa nafuu na salama.

Mjini, Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanatosha asubuhi nzima: boma la Kiluo lililojengwa kama lilivyokuwa, shimo la nyoka, na matangi ya samaki wa ziwani wakiwa hai. Mtoto aliyekula omena maisha yake yote hajawahi kumtazama samaki wa ziwa lake akiogelea. Hifadhi ya Impala iko kando ya ziwa na ni ndogo, watoto wanaweza kuimaliza kwa miguu. Malipo hufanywa kwa eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na akaunti ifunguliwe nyumbani. Jioni ni ufukwe wa Dunga, mashua na samaki. Tarajia mvua kuanzia alasiri.

Usikose kuwaambia watoto kwamba hadi mwaka 1902 Kisumu ilikuwa Uganda. Nasi Samia pia. Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kuuingiza upande wa Kenya, muda mfupi baada ya reli kufika ziwani Desemba 1901, na ndiyo maana reli hiyo iliyojengwa kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda. Anayeuliza kwa nini binamu zake wa Majanji wana rais mwingine atapata jibu lake mbele ya stesheni ya zamani.

Kwa wenye karatasi, Kampala naipita haraka. Ina makumbusho makongwe, yaliyoanza mwaka 1908, na Entebbe ina bustani ya wanyama, lakini foleni ya magari kutoka Mukono kuingia mjini inaweza kula nusu ya siku, na Kampala ya siku mbili na watoto ni foleni tu. Na wakati mwingine uamuzi hautoki kwako. Ebola iliyotangazwa Kampala mwishoni mwa Januari 2025 ilitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, likizo yetu ikiwa karibu kwisha. Wiki moja kabla ya kuondoka, sikiliza taarifa za Wizara za Afya za nchi zote mbili, na uwe tayari kubadili mji.

Kurudi

Ondokeni Jinja asubuhi, si baada ya mchana. Teksi inayojaa saa nane itawafikisha mpakani jioni, wakati wafanyabiashara wote wa Busia wanarudi upande wao na mabasi ya usiku yanaanza kuingia, na nyinyi bado mna gari la Funyula la kutafuta. Wekeni karatasi zote za watoto kwenye mfuko mmoja wa plastiki, ukae nao wewe, usimpe yule mkubwa anayejiona mzima.

Wabadilishaji hawachukui sarafu za Uganda, noti tu. Kwa hiyo kabla ya kuvuka kaeni kivulini upande wa Uganda, watoto watoe walichonacho, na wapange wenyewe cha kununua. Mdogo atanunua peremende. Mkubwa atamnunulia nyanya yake matunda, na hapo palizi ya Aprili itakuwa imesamehewa. Mkishavuka, msimame jengo la Kenya mkagongewe mhuri wa kurudi hata kama ofisa anaonekana kuwa na haraka ya kuwapitisha, kwa sababu safari ya pili, mkitaka kwenda, ofisa mwingine ataangalia kama mlitoka na mkarudi.